Nilianza na Umeme

Mimi ni kijana wa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, komuni ya Mikelenge, na ninaandika ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu wanaotamani kompyuta ya michezo na hawajui waanzie wapi. Nina neno moja la kuwaambia, nalo limebadili namna ninavyonunua vitu, ninavyofanya kazi na ninavyoishi nyumbani: kompyuta huanzia kwenye umeme.

Nilikulia katika vyumba vya PlayStation. Mwenye chumba akiwasha gurupu lake, yaani jenereta, watoto tunajaa, tunalipa kwa mechi, tunacheza mpaka mafuta yaishe. Msimu wa 2024–2025, AS Maniema Union ilipoingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR, hamu ya mpira mjini ilikuwa kubwa, na hamu ya kuucheza kwenye skrini ikaongezeka nayo. Mimi nilitaka zaidi ya kulipa mechi moja moja. Nilitaka mashine yangu, niifunge kwa mikono yangu, niijue ndani na nje.

Basi nikaanza kutazama video za watu wa Marekani na Ulaya wanaofunga kompyuta. Wanazungumzia kadi za grafiki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayeuliza kama umeme utakuwapo jioni, kwa sababu kwao swali hilo halina maana. Nikaandika orodha yangu: juu kabisa RTX 3080, chini yake prosesa kubwa, feni nyingi, taa za rangi. Kisanduku cha umeme, kile ambacho wengine wanakiita pawa saplai na mafundi wa Kindu wanakiita alimantasio, nilikiandika mwisho, bila jina wala kipimo.

Nikampelekea orodha fundi mmoja mtu mzima, anayetengeneza redio, inveta na kompyuta. Aliisoma yote, akaiweka mezani.

“Mdogo wangu,” akasema, “kabla hujanitajia kadi, niambie umeme wako unatoka wapi.”

“Fundi, umeme ni umeme.”

“Hapana. Wa laini una tabia yake, wa gurupu una yake, wa jua una yake. Niambie kwanza unakula wapi, ndipo nikuambie ule nini.”

Swali hilo ndilo lililonibadilisha.

Kila Mkongo anajua habari ya Inga, mabwawa yetu makubwa ya umeme. Inga ya kwanza ilianza kazi 1972, ya pili 1982, na zote mbili zilijengwa ziweze kutoa megawati zipatazo 1,775. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waya mkubwa ulivutwa kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, ili kulisha migodi ya Katanga. Waya ule haukupita Maniema. Kwetu Kindu, nyumba iliyounganishwa na SNEL, shirika la umeme la taifa, huupata umeme kwa zamu na kwa bahati. Jioni, watu wote wakiwasha kwa pamoja, volti hushuka chini ya 220 na balbu huwa nyekundu. Umeme ukikatika kisha ukarudi, hurudi kwa kishindo. Gurupu dogo nalo huyumba kila jirani anapochomeka pasi. Jua ndilo lenye utulivu, ila hukupa akiba yenye mwisho.

Nyumbani tulikuwa na paneli na betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200. Fundi akachukua kalamu. Kumi na mbili mara mia mbili ni wati-saa 2,400. Betri ya asidi ukiinyonya hadi chini inakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu yake tu: wati-saa 1,200. Hiyo ndiyo akiba yetu halisi ya usiku.

Kisha akaihesabu orodha yangu. RTX 3080 peke yake imeandikiwa na Nvidia wati 320. Ukiongeza prosesa, skrini na kile kinachopotea ndani ya inveta, unafika karibu wati 500. Gawa 1,200 kwa 500: saa mbili na dakika chache, nyumba nzima ikiwa giza ili mtu mmoja acheze. Tena betri ya asidi ikikamuliwa kwa kasi hiyo hutoa pungufu ya kilichoandikwa juu yake. Halafu akahesabu kompyuta ya kiasi, ambayo pamoja na skrini na hasara ya inveta inakula wati 130. Gawa tena: saa tisa. Betri ni ileile, nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni uchaguzi.

Mama anayepika mchele wa Maniema hapimi chumvi kwanza, hupima maji. Mimi pia nikajifunza kupima maji ya kompyuta yangu kabla ya kufikiria viungo.

Tangu siku ile nilianza kuisoma alimantasio kama mtu anayesoma mkataba. Kazi yake ni kuuchukua umeme wa volti 220 unaopishana, kuugeuza kuwa umeme wa mwelekeo mmoja wa volti 12, 5 na 3.3, na kuugawa kwa kila kifaa ndani ya kasha. Kompyuta za leo zinakula karibu kila kitu kwenye njia ya volti 12. Kwa hiyo namba kubwa iliyochapwa ubavuni, 500 au 600, siyo ya kuamini kwanza. Tafuta jedwali dogo kwenye lebo, soma ampea za njia ya volti 12, zidisha kwa 12. Ikiwa na ampea 38, inatoa wati 456 pale zinapohitajika. Ikiwa na ampea 18, inatoa wati 216 tu, hata kama ubavuni wameandika 500. Nimesimama sokoni na kalamu nikifanya hesabu hiyo mbele ya wauzaji, na wengine sasa wananipa kisanduku nisome kabla sijaomba.

Neno la pili kwenye lebo ni volti za kuingia. Alimantasio nzuri imeandikwa 100–240, maana yake jioni laini ikishuka hadi volti 160 yenyewe inaendelea kufanya kazi bila kelele. Zile za zamani zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 hazina uvumilivu huo. Na swichi ikiachwa kwenye 115 halafu ukachomeka umeme wetu, utasikia mlipuko.

La tatu ni alama ya 80 Plus, iliyoanzishwa 2004. Inakuambia ni kiasi gani cha umeme kinafika kwenye kompyuta na ni kiasi gani kinageuka joto. Ikibebeshwa nusu ya uwezo wake, yenye alama ya Bronze hufikisha angalau asilimia 85, ya Gold angalau asilimia 90. Kwa kompyuta inayohitaji wati 100, tofauti hiyo ni kama wati saba ukutani. Ni kitu, lakini siyo kitu cha kukunyima pesa ya memori. Tena alama hiyo haipimi usalama. Usalama uko katika kinga: ya volti kupanda, ya umeme kuzidi, ya nyaya kugusana. Kinga hizo ndizo zinazoachwa kwanza mtu anapotengeneza kisanduku cha bei rahisi.

Hilo nililiona kwa macho. Mwanafunzi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na alimantasio nyepesi iliyoandikwa wati 500. Siku umeme uliporudi kwa kishindo, ilikufa, ikaondoka na ubao mama na diski yenye kazi yake ya kumaliza masomo. Fundi alipoifungua tuliona nafasi tupu kwenye bodi, mahali ambapo vichujio vilipaswa kuwa. Kijana yule alilia kama aliyefiwa, na sikumlaumu. Ninawaomba ndugu zangu, msifungue kisanduku hicho wenyewe. Kapasita zake hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Mwachieni fundi.

Nikajifunza pia kwamba kubwa kupita kiasi nayo ni hasara. Alimantasio ya wati 850 inayobeba kompyuta ya wati 80 inafanya kazi chini ya sehemu ya kumi ya uwezo wake, na hapo hupoteza umeme mwingi zaidi. Mjini penye umeme wa saa zote hasara hiyo haionekani. Kwa mtu wa betri inaonekana kila usiku.

Jambo la mwisho katika somo la umeme lilikuwa inveta. Kompyuta inataka inveta inayotoa wimbi laini, siyo lile la ngazi ngazi linalofaa balbu. Baadhi ya alimantasio za kisasa hunguruma au huzima zikilishwa wimbi la ngazi. Pia kuna suala la kubadilisha chanzo. Laini ikikatika, inveta inahitaji muda kidogo kuhamia kwenye betri. Alimantasio iliyobeba mzigo wake wote hushikilia umeme kwa takriban milisekunde 16. Inveta nyingi za sola zina mipangilio miwili: ule wa vifaa vya nyumbani unaohama kwa milisekunde 20, na ule wa kompyuta unaohama kwa 10. Ya kwetu ilikuwa kwenye 20. Kubonyeza vitufe vichache kukamaliza tatizo ambalo wengine wangelinunulia kifaa kingine.

Baada ya umeme kukaa sawa, sehemu nyingine zilijipanga zenyewe. Prosesa nilichagua Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka 2021: viini sita, wati 65, na ndani yake tayari kuna grafiki. Maana yake unaweza kuanza kucheza bila kadi yoyote, ukaiweka kadi pesa itakapopatikana. Inakaa kwenye tundu la AM4 lililoanza 2016, hivyo mbao mama zake ni nyingi, mpya na za mkono wa pili. Memori niliweka vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani inaazima memori ya kompyuta, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitia. Michezo inaenda laini zaidi kwa pesa ileile. Diski niliweka SSD, kwani GTA V peke yake inadai zaidi ya GB 60, na huku kwetu mchezo haupakuliwi mara mbili. Kasha nilichagua lenye uso wa wavu na feni mbili. Kindu iko kama mita 500 tu juu ya bahari, kando ya mto mkubwa, na joto letu lina unyevu. Kasha la kioo kitupu mbele ni tanuri.

Alimantasio ilikuwa ya wati 550, Bronze, volti 100 hadi 240. Nilifanya hivyo kwa kutazama mbele. Kadi ninayoikusudia ni RX 6600, ya wati 132, ambayo AMD inashauri ilishwe na alimantasio isiyopungua wati 450. Prosesa ikifika kileleni inakula wati 88. Jumlisha na vingine, unapata chini ya 300. Nafasi inabaki, na mzigo unakaa karibu na nusu, pale ambapo alimantasio hufanya kazi vizuri zaidi. Kadi itaongezwa baada ya betri ya pili, siyo kabla.

Wapo wenzangu wanaonunua kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Ni njia nzuri na ya bei nafuu, lakini tazama alimantasio yake kwanza. Nyingi kati ya hizo zina plagi za kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida, na ile iliyomo haina waya wa kulisha kadi. Hapo tafuta kadi inayokula kwenye tundu la ubao mama peke yake, lenye mwisho wa wati 75. GTX 1650, iliyotoka 2019, ni ya wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Kwa kasha jembamba omba toleo fupi.

Kuvileta vitu hivi Kindu ni kazi yenyewe. Tuna reli tangu wakati wa ukoloni, inayotuunganisha na Kongolo na kuendelea hadi Lubumbashi, lakini treni haina haraka. Tuna mto, na mizigo ya Kisangani hupitia Ubundu. Vifaa vya umeme wafanyabiashara wetu walizoea kuvileta kwa ndege kutoka Goma, mpaka uwanja ule ulipofungwa kwa vita mwishoni mwa Januari 2025. Tangu hapo wengi wamegeukia Kinshasa, na ndege hulipwa kwa kilo. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukushauri uchukue kisanduku chepesi. Alimantasio nzuri ina uzito, kwa kuwa ndani yake mna shaba, chuma na kapasita za kweli. Mimi niliamua kulipia kilo zake, nikapunguza mahali pengine: hakuna taa hata moja kwenye kompyuta yangu.

Sasa niseme yaliyobadilika. Mchana kompyuta ile inafanya kazi. Ninapiga chapa na kupanga kazi za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu, ninakata video za harusi, ninatengeneza mabango ya maduka. Jioni tunacheza, na mchezo nimeufunga kwenye picha 60 kwa sekunde, maana mashine ikiachwa huru hukimbia kutoa picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha, na kila picha ya ziada ni umeme. Tuko karibu na mstari wa ikweta, kwenye digrii tatu hivi za kusini. Siku nzuri paneli zetu mbili za wati 250 hurudisha tulichotumia na kubakiza. Siku za mvua ninafanya kazi ya kuandika tu, na mchezo unangoja. Sihitaji kulazimishwa; namba inaniambia.

Mama alikuwa hapendi habari za michezo. Alihofia kwamba pesa zinakwenda kwenye starehe. Leo taa za nyumba hazizimiki kwa ajili yangu, na simu za majirani zinachajiwa kwetu bila ugomvi, kwa kuwa tunajua kilichomo ndani ya betri. Alipokwenda kutazama friji ya kuuzia maji baridi, swali lake la kwanza kwa muuzaji lilikuwa: “Inakula wati ngapi?” Nilisimama nyuma yake nikamshukuru Mungu. Elimu ile ilikuwa imetoka kwenye meza ya fundi, ikapita kwangu, ikamfikia mama yangu.

Na nimebadilika pia katika kuutazama mkoa wangu. Maniema ni nchi ya bati. Kalima, Punia na Kailo ni majina yanayojulikana kwa kasiterite, mawe yanayotoa bati, tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya SOMINKI iliundwa 1976 kusimamia migodi hii pamoja na ya Kivu, na bei ya bati ilipoanguka duniani 1985, familia nyingi zilianguka nayo. Karibu nusu ya bati linalotumika duniani huishia kwenye kulehemu vifaa vya umeme. Risasi ya kulehemu ya siku hizi, ile isiyo na madini ya risasi, kwa kawaida ina bati zaidi ya asilimia 95. Kila nukta inayong'aa chini ya ubao mama ni bati. Baba zetu na kaka zetu wanalichimba kwa sepetu huko Kailo. Inafaa watoto wao wajue linakoishia, na waweze kulisoma, kulichagua na kulitengeneza, wasibaki kulibeba mgongoni peke yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kasuku, wa Mikelenge, wa Alunguli ng'ambo ya mto, na wewe wa Kasongo au Kalima unayeweka akiba ya kompyuta yako ya kwanza, fanya hivi. Andika umeme wako unatoka wapi na una wati-saa ngapi kwa usiku mmoja. Pima volti za ukutani saa moja jioni, siyo mchana. Chagua prosesa yenye grafiki ndani, uanze na hiyo. Nunua alimantasio iliyo na ampea za kutosha kwenye volti 12, inayokubali 100 hadi 240, yenye kinga, na usikubali mtu akuuzie namba ya ubavuni. Kadi kubwa isubiri betri ya pili. Na ukishajua, mfundishe mwingine bila kumtoza, kama fundi yule alivyonifundisha mimi. Mji wetu una umeme kidogo. Wenye kuuhesabu ndio watakaoutumia vizuri.